Dubu Niliyemkaribisha Kula

Zuhura binti yangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, tena za kununiana, kwa hiyo sizirudii. Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni. Wewe umekwenda chuoni kuwaaga wenzako, nami nimesogeza marobota ya jinzi ukutani nikapata nafasi ya kuandika juu ya meza ya kupimia vitambaa. Huko chini watu wa mikokoteni wanagombea njia, kama kawaida ya soko letu la Zhanxi saa hizi. Treni yako ni kesho saa nne asubuhi, na nataka uisome barua hii kabla hujafunga begi.

Sitakuandikia habari za soksi, dawa ya tumbo wala namna ya kulinda pasipoti. Umekaa nami mji huu miaka minne. Ukienda soko la Shahe unajua kumkatalia laoban mwenye duka bei yake mpaka anakuita dada, na Kichina chako kwenye simu watu hudhani ni cha mwenyeji. Hayo unayajua kuliko mimi. Ninachotaka kukueleza ni kwa nini juzi nilikataa kukukaangia maandazi.

Najua umekasirika, na una haki. Uliingia unacheka, begi la vitabu bado begani. Ulikuwa umepiga simu kule kwenye hifadhi ya wanyama, Sichuan, kuwaambia siku utakayofika kuanza kazi, na simu ikapokewa na mzee wa getini. Ulipomwambia kwamba unatoka Tanzania, na kwamba baba yako aliwahi kufika kule akiwa mwanafunzi, mzee akauliza, "Baba yako bado anakaanga ile mikate yake mitamu?"

"Baba, unakumbukwa!" ukaniambia. "Ni yule mzee Luo wa kwenye hadithi yako. Nikaangie nimpelekee hata ishirini."

Nikasema hapana. Ukauliza kwani kuna nini. Nikasema unga umekwisha, na ndoo ya unga ilikuwa wazi, hatua mbili kutoka uliposimama. Ukaitazama ndoo, ukanitazama mimi.

"Si useme tu hutaki," ukasema, ukaingia chumbani kwako.

Mwanangu, sikuwa na uchoyo. Niliogopa. Luo anauliza habari ya mikate, maana yake miaka yote hii alijua. Na wewe unakwenda kwake ukiwa na hadithi niliyokupa mimi, hadithi ambayo si ya kweli.

Unaikumbuka ilivyokuwa. Ulikuwa na miaka tisa, nimekuja Tanga likizo, tumekaa barazani kwa shangazi yako na wewe umening'ang'ania goti. Nikawaambia watoto wote kwamba dubu mkubwa kama kabati alivunja mlango wa kibanda chetu, kwa ukali wake tu, bila sababu. Mimi na mlinzi Luo tukapambana naye, mimi na ukuni wa moto, yeye na sufuria, mpaka akakimbia. Ukanifanya niirudie mara tatu. Kesho yake ukamchora dubu nyuma ya daftari la hesabu, ukamwekea meno mpaka masikioni. Ulipomaliza kidato cha sita ukasema unataka kusomea misitu na wanyama, na mama yako akanipigia simu akicheka, "Mtoto wa Tanga na dubu wapi na wapi?" Nami nikajivuna. Mwaka huu ulipoambiwa uchague hifadhi ya kufanyia kazi, ukachagua ile ile. Niliposikia sikulala vizuri wiki nzima, lakini bado sikusema kitu.

Sasa nakwambia ilivyokuwa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo yangu ya ufundi wa nguo. Majira yale majani yanapopukutika, mwalimu wetu mmoja alituchukua wanafunzi sita tukaone milima. Tulilala kwenye kibanda cha mbao alichokitunza Luo. Wakati ule hakuwa mtu wa getini. Alikuwa mlinzi wa msitu, mwembamba, mwenye kikohozi, anayetembea mlimani siku nzima kama mtu anayezunguka uani kwake. Wenzangu walimchoka kwa maneno yake mengi. Mimi nilimpenda, kwa sababu aliongea polepole na Kichina changu kilikuwa kibovu.

Alitufundisha kabla hatujafungua mabegi. Msimu ule, alisema, dubu hana kazi nyingine ila kula. Hupanda miti inayozaa zile mbegu ngumu zenye kofia, hukaa kwenye tagaa, huvuta matawi na kuyavunja, kisha huyakalia. Ukiona juu ya mti kitu kama kiota cha ndege mkubwa kupita kiasi, hapo alikaa dubu akila. Ananenepa kwa ajili ya baridi, na ikija anaingia kwenye shina la mti lenye uvungu akalala. Majike huzaa humo humo, watoto wadogo wa kuenea kwenye viganja viwili. Alituonyesha makucha kwenye gome, akatuonyesha mavi yaliyojaa maganda ya mbegu, akayafumua kwa kijiti kwa furaha kabisa.

"Macho yake yanamtosha," alisema, "lakini pua yake inamzidi mbwa yeyote unayemjua. Kwa hiyo chakula chote kwenye sanduku la chuma, na sanduku liko kule, si hapa mnapolala. Hata dawa ya meno. Hata peremende."

Wenzangu wakatoa biskuti zao. Mimi nilikuwa na maandazi ndani ya begi, nimeyakaanga mwenyewe bwenini kwa tui la nazi ya kopo na iliki aliyonitumia mama yako. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kuonja kitu cha nyumbani. Nikaona hayo si chakula cha sanduku. Nikayafunga kwenye shati, nikayaweka chini ya mto.

Hilo la kwanza. La pili ndilo baya zaidi.

Siku ya pili mchana Luo alikwenda kuteka maji, wenzangu wakapanda na mwalimu kuona maporomoko. Mimi kiatu kilinikata, nikabaki. Nikakaa juu ya jiwe nyuma ya kibanda na andazi langu. Nilipoinua macho, dubu alikuwa amesimama ukingoni mwa miti. Mweusi, na alama nyeupe kifuani, na sikio moja limechanika. Hakuwa mkubwa kama kabati. Alikuwa kijana, ametoka kwa mama yake mwaka ule. Alisimama kwa miguu miwili, mikono inaning'inia, ananitazama.

Luo alikuwa ametueleza kwamba dubu akisimama hivyo hatishi mtu wala haombi. Anajaribu kuona na kunusa vizuri zaidi, anataka kujua wewe ni nini. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Lakini mimi niliona mgeni amesimama mlangoni, nami nina kitu mdomoni. Wewe unajua tulivyolelewa. Kwa bibi yako mtu akipita wakati unakula unasema karibu, hata kama sahani ina tonge moja. Kutafuna huku mtu anakutazama ilikuwa aibu kuliko kutembea uchi. Basi nikamwambia dubu, kwa Kiswahili, "Karibu." Nikaweka andazi juu ya jiwe, nikarudi nyuma taratibu mpaka mlangoni.

Akaja akalila. Nilifurahi mno, Zuhura, siwezi kukuficha. Tangu nifike nchi hii watu walikuwa wakinikodolea macho barabarani, na huyu wa kwanza kukaribishwa nami amekula chakula cha kwetu. Siku ya tatu, saa ile ile, nikampa mawili. Luo aliporudi na ndoo akainusa hewa, akanitazama, akauliza kama nimeona kitu. Nikamwambia sijaona.

Siku ya nne kulipopambazuka yule dubu alikuja kwenye kibanda. Hakuvunja mlango kwa ukali. Aliukwaruza kwanza, taratibu, kama anayebisha hodi. Alikuwa amefuata iliki. Sisi ndani tukapiga makelele, tukaruka vitandani, mmoja wetu akafungua dirisha akarusha kiatu. Makelele yetu yakamchanganya, akausukuma mlango na kitasa kikang'oka. Luo alikuja mbio kutoka chumba cha jikoni na sufuria na kijiko, akawa anaigonga na kumsemesha dubu kwa sauti ya chini, akimwachia njia ya kutokea. Na dubu alikuwa anatoka. Aligeuka, alikuwa anatoka kabisa, nami kwa hofu nikapita mbio katikati yao kukimbilia nje. Dubu akashtuka, akarusha mkono. Luo alinisukuma, na makucha yakampata yeye mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Hapakuwa na ukuni wa moto. Mimi nilikuwa nimelala chini, kando ya ndoo za maji, nimefunika uso.

Walipokuja wakubwa wa hifadhi, swali lao lilikuwa moja: nani aliacha chakula kibandani? Mwalimu akatuuliza mmoja mmoja. Aliponifikia nikasema, "Hapana, mwalimu, mimi sikuwa na kitu." Niliogopa kurudishwa nyumbani kabla ya kumaliza. Niliwaza mama yako, niliwaza wewe, niliwaza watu wa mtaani walivyoniaga kwa dua mpaka uwanja wa ndege. Hizo zilikuwa sababu zangu, na nimekuwa nikizitumia miaka kumi na mitano kujitetea mbele yangu mwenyewe. Shati lenye makombo nilikuwa nimelivaa ndani ya sweta.

Wakasema basi ni uzembe wa Luo, kwa kuwa kibanda ni chake. Wakamwondoa msituni, wakamweka getini kukata tiketi za wageni.

Na dubu alirudi, sisi bado hatujaruhusiwa kuondoka. Alirudi mchana kweupe, mpaka jikoni, kwa sababu sasa alijua kwamba binadamu ana chakula na anatoa. Dubu akishajua hilo halisahau. Wakaamua auawe. Hakuna aliyejua anakolala ila Luo, kwa hiyo Luo, na mkono wake kwenye bandeji, ndiye aliyewaongoza wenye bunduki. Alikuwa amemfuatilia yule dubu tangu alipokuwa akitembea nyuma ya mama yake. Mimi nilikuwa nakunja mablanketi niliposikia risasi, moja, halafu nyingine. Nikaendelea kukunja. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Wakati tunaondoka nilipita getini. Vidole viwili vya Luo vilikuwa vimenyooka havikunjiki. Akanipa tiketi yangu ya kutokea kwa mkono wa kushoto, akasema, "Tembea salama."

Tanga nilipofika mwaka uliofuata, ulinikuta mlangoni ukauliza, "Baba, umeona simba wa huko?" Nikataka kukuambia kitu cha kukufurahisha. Nikaanza na dubu, na ilipofika mahali pa aibu nikaweka ukuni wa moto. Hivyo ndivyo hadithi yako ilivyozaliwa.

Kazi yenyewe utaijua kuliko mimi. Wewe umesoma, mimi ni mtu wa majora ya vitambaa ya soko la Zhongda. Lakini kuna jambo moja ambalo sidhani limo kwenye vitabu vyako, maana waliovitunga hawakuwahi kufanya nilivyofanya. Wageni watakaokuja hawatakuwa wabaya. Watakuja na watoto, na keki, na mayai ya kuchemsha, na watamwona dubu amesimama, na roho zao zitawauma. Ukiwapigia kelele kwamba ni marufuku, watasubiri ugeuke. Mimi nilisubiri Luo aende mtoni. Waambie kilichompata yule mwenye sikio lililochanika. Waambie kwamba aliyemuua alimpenda. Unaweza kusema ni baba yako, sitakataa.

Na wewe mwenyewe usije ukatembea peke yako kimya kimya kama ulivyozoea kutembea hapa ukiwa na mawazo. Ongea, imba zile taarabu za shangazi yako, dubu akusikie kutoka mbali aondoke zake, maana hapendi kushtukizwa. Ukimwona mtoto wa dubu juu ya mti, jua mama yake yuko chini na hana mzaha. Ukimsikia anapuliza pumzi na kugonganisha meno, anakuomba nafasi. Mpe, rudi nyuma ukimwelekea, usikimbie na usipande mti, kwa sababu mti ni kwao. Haya yote Luo alituambia siku ya kwanza, na mimi nayakumbuka neno kwa neno. Sikukosa kwa kutojua. Niliona kwamba wema wangu hauhitaji kuuliza mtu. Hilo ndilo kosa langu, na nimelirudia mahali pengine pia. Mara ngapi nimeamua jambo lako kwa sababu nakupenda, bila kukuuliza? Wewe ndiwe unayejua idadi.

Sasa hii ya mikate. Nimeigeuza siku mbili. Huenda Luo aliuliza kwa kunikumbuka vizuri. Huenda alikuwa ananiambia kupitia kwako kwamba hajasahau. Sauti yake uliisikia wewe, mimi sikuisikia. Siwezi kukukaangia maandazi uyabebe mpaka getini kwake, ukamwekea mezani huku unacheka, hujui umebeba nini.

Mchana nilifikiri nimepata dawa. Nilimwandikia Luo barua kwa Kichina, kurasa mbili, nikaitia kwenye bahasha ili umpelekee wewe. Nimeandika kila kitu. Halafu nikaitazama ile bahasha na jina lake juu, nikakuona umesimama mbele yake, siku yako ya kwanza ya kazi, unangoja amalize kusoma aibu yangu, na yeye akiinua uso anakuona wewe. Mara ya kwanza nilimwachia yeye mzigo wangu. Sasa nilikuwa karibu kukubebesha wewe. Nimeichana.

Kwa hiyo saa nane nilikwenda stesheni. Watu walikuwa wengi, nimesukumwa mpaka kifungo cha koti kimetoka, lakini nimekata tiketi. Treni ni hiyo hiyo ya kwako. Wewe uko behewa la sita, mimi la kumi na moja. Si bahati mbaya, nilimwomba yule binti wa dirishani aniweke mbali. Ni siku mbili mpaka kule, na huenda utataka kukaa siku mbili bila kuniona. Wateja wangu wa Dar nimewaambia nina safari, wapime vitambaa vyao wenyewe wiki hii.

Nitapanda mpaka hifadhini. Nitamwambia Luo kwa mdomo wangu, na wewe ukisikia. Akinifukuza, nitashuka mlima na wewe utabaki, kwa sababu nafasi yako umeipata kwa kusoma na haina uhusiano na mimi. Akikuuliza kama ulijua, mwambie kweli, kwamba umejua kwa barua hii tu. Na akisema maneno makali usinitetee, hata kama ni magumu kusikiliza. Nimetetewa kimya kimya na mtu yule yule miaka kumi na mitano, inatosha.

Asubuhi sitakubishia mlango. Nitatangulia stesheni mwenyewe, nikuachie nyumba usome kwa nafasi, ulie ukitaka, uvunje kikombe ukitaka, vya laoban wa chini ni rahisi. Ufunguo mwachie yeye.

Baadaye njiani, ukiona unaweza, njoo behewa la kumi na moja. Usipokuja, tutaonana getini.

Baba'ko